Vidole Vinne vya Mvua, Vitatu vya Jua

Kawangware,
Jumamosi, saa nane mchana

Nekesa mama,

Umeenda kusukwa, na ninavyomjua yule msusi wako wa stejini, mdomo wake una kasi kuliko vidole. Nina masaa matatu, pengine manne. Ukirudi utaikuta barua hii juu ya mkoba wako wa safari, na nakuomba uisome kabla hujafanya lolote, hata kabla hujajitazama kwenye kioo. Saa kumi na mbili jioni tuna wageni, na nataka ujue mapema nitafanya nini wakifika.

Mambo ya sweta, pasipoti na namba za simu sitayarudia. Wiki nzima nimekuimbia hayo mpaka umeanza kunimalizia sentensi. Kusema kweli, kila nikifungua mdomo nikuambie lililo moyoni, yanatoka maneno ya sweta. Ndiyo maana nimechukua kalamu. Karatasi haikukodolei macho.

Kesho unaenda Afrika Kusini kujifunza kutengeneza mvinyo. Haya, nimeandika, na mkono haujakatika. Tangu ukubaliwe tumesema unaenda kusomea mambo ya hoteli. Majirani tumewaambia hoteli, shangazi yako hoteli, kanisani hoteli. Wewe ndiye uliyeanza, kwa ajili yangu, ili niendelee kufunga kitambaa changu cha kiongozi wa maombi ya kina mama bila kusemwa. Nami nikakuacha ubebe uongo ambao ulikuwa mzigo wangu.

Unakumbuka siku watu wa Afrika Kusini walipokuhoji kwa simu? Uliiegemeza simu kwenye chupa ya chai, ukaniomba nitoke nje. Nilitoka, lakini pazia si ukuta. Nilikuwa nje hapo nikisugua sufuria iliyokwisha kuwa safi. Yule mama wa upande wa pili akakuuliza kwa Kiingereza ni nani aliyekufundisha kuonja. Ukasema ulijifunza kazini, ulipokuwa mhudumu wa hoteli. Kiingereza changu si kingi, lakini hicho nilikielewa chote. Sikukukasirikia wewe. Nilijikasirikia mimi, kwa sababu najua ni nani aliyekufunza kujibu hivyo, na najua alikufunza kwa kofi.

Basi leo nitakusimulia siku ya kofi lile. Najua ulikuwepo, lakini ulikuwa na miaka kumi na mitatu na uliona nusu tu. Nusu nyingine nimeikalia mimi miaka yote hii.

Daktari unamkumbuka, yule mzee wa meno niliyemfanyia kazi za nyumba ng'ambo ya barabara, Lavington. Alikuwa mtu mwema. Alinipa likizo, alinipa nguo za kuvaa, alinisalimia kila asubuhi, na katika miaka yote ile hakuniuliza swali hata moja lililohitaji nifikiri. Ugonjwa wake ulikuwa mvinyo mmoja mwekundu kutoka huko huko unakoenda. Ni zabibu za aina tatu zinazochanganywa pamoja, jina ni lile lile kila mwaka, chupa ni ile ile, karatasi yake ya rangi ya maziwa ni ile ile. Kinachobadilika ni mwaka tu, umeandikwa chini kwa tarakimu ndogo. Kila Desemba aliwaita rafiki zake, akapanga chupa za miaka mitatu mfululizo na glasi tatu mbele ya kila mtu. Wakawa wanaonja huu, wanaurudia ule, wanabishana kama mahakamani. Mwaka wa kwanza niliwaona wendawazimu. Nilijiambia, mvinyo ni huo huo mmoja, hawa watu wazima wanagombania nini?

Kisha nikaanza kuziosha zile glasi. Haziingii kwenye mashine, unaziosha moja moja kwa mkono, na kila moja imebaki na tone chini. Nikanusa ya kwanza. Nikanusa ya pili. Nikasimama pale kwenye sinki na povu mikononi, na Kukhu akanijia.

Kukhu, bibi yako, hukumjua sana kwa sababu alifariki ukiwa bado unatambaa. Na nyumbani nimekuwa nikimtaja kwa ufupi, kama mtu anayepita mbele ya mbwa. Alikuwa akipika busaa Soweto, kule Kibera, mahali ambapo siku hizi pamejengwa maghorofa. Unga wa mahindi unauchachusha, unaukaanga kwenye karai mpaka moshi unawatoa watu machozi, unautia maji na kimea cha wimbi, unangoja. Mwanamke ni yule yule, karai ni lile lile, bomba la maji ni lile lile, na bado pipa la wiki ya mvua halikuwa pipa la wiki ya jua. La mvua lilikuwa jepesi na kali kidogo, kwa sababu kimea hakikukauka sawasawa. La jua lilikuwa zito, na ukinywa kikombe cha pili umeshachoka.

Kukhu hakuuza lolote kati ya hayo peke yake. Alinichovyea kidole, nikiwa na miaka tisa, akaniuliza, "Robai, huyu anakosa nini?" Alisema huyu, kana kwamba pipa ni mtu. Nikisema anakosa nguvu, anachota kopo moja kutoka pipa lile lingine, anamimina, anakoroga, ananirudishia kidole. Watu walitoka Kawangware kwa miguu kuja kunywa kwake, na hakuna aliyejua ni kwa nini. Walisema tu ya Mama Robai haibadiliki. Haikubadilika kwa sababu yeye alikuwa akiibadilisha kila siku. Na nikikosea, aliniambia nionje tena. Hakuwahi kunipiga kwa kukosea kuonja.

Sitakudanganya kwamba pombe ilituacha salama. Baba yangu alimalizia ini lake kwenye mapipa ya mkewe, na hakuonja hata siku moja, alikuwa akinywa tu. Kuna kunywa na kuna kuonja. Tukamzika, mimi nikaokoka, na nilipookoka nikazika pamoja na dhambi zangu kila kitu cha mama yangu: karai, kopo, na ile kazi yake ya kuchanganya. Niliona haya kuwa binti wa mpika busaa. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na yale mengine yote yalizaliwa na hilo.

Sasa rudi nami kwenye sinki la Daktari. Desemba ya kofi chupa zilikuwa za mwaka elfu mbili kumi na nne, kumi na tano na kumi na sita. Shule zilikuwa zimefungwa, na sikuwa na mtu wa kukuangalia, kwa hiyo ulikuwa jikoni na mimi. Nilionja tone tone na kutema, huku nimefungulia maji ili nisisikike. Ya kumi na nne ilinuka pilipili hoho mbichi na udongo uliotoka kunyeshewa, na mdomoni ilikuwa nyembamba, inapita upesi. Nikajua bila kuambiwa na mtu kwamba mwaka ule huko kwao jua lilikuwa haba. Ya kumi na sita ilinuka zambarau zilizoanguka zikalala chini siku mbili, ikakaa ulimini haitaki kuondoka, mwaka wa ukame kabisa. Ya kumi na tano haikuwa na kosa. Ilikuwa yule mtoto anayeshika namba moja kila muhula. Wageni wote waliisifu hiyo. Mimi niliiheshimu, lakini haikunipa kazi ya kufanya.

Nilikupa glasi tupu mbili unuse. Ulifumba macho. Ukasema ya kumi na nne inanuka shamba la shule mvua ikiisha, na ya kumi na sita inanuka mtu aliyejipaka mafuta mengi akienda harusini. Nikacheka mpaka nikashika sinki. Nilikuwa na furaha siku hiyo, Nekesa. Ilikuwa furaha ya mtu anayeijua kazi yake, na sikuitambua kwa sababu ilikuwa imepita miaka mingi bila kunitembelea.

Jioni wageni walipoondoka, ya kumi na tano ilikuwa imekwisha. Ya kumi na nne ilibaki vidole vinne kutoka chini, na ya kumi na sita kama hivyo hivyo. Unajua kwetu hakuna nusu mbili zinazolala mbalimbali. Mafuta ya chupa mbili yanaingia chupa moja. Vipande viwili vya sabuni vinagandishwa viwe kimoja. Basi nikaimimina ya kumi na sita ndani ya kumi na nne, nikaziba, nikaitupa chupa tupu. Hivyo ndivyo nilivyowaeleza kina Daktari, na hivyo ndivyo nilivyojieleza mwenyewe tangu siku ile, kwamba yalikuwa mazoea tu ya watu wasiotupa kitu.

Kesho yake, chakula cha mchana, alikuja yule mwanamume mwenye duka la mvinyo, mnene, sauti ya chini, ambaye siku iliyotangulia hakufika. Daktari akamwambia hakuna kilichobaki ila ile dhaifu ya kumi na nne, akamimina hivyo hivyo kwa kuomba radhi. Nilikuwa nikipanga sahani. Yule mtu akaonja, akaacha kutafuna.

"Hii ni ya mwaka gani?"

"Nimekuambia, kumi na nne. Ile haina kitu."

"Wacha mchezo, Daktari. Hii iko na kila kitu. Hii nikilinganisha na kumi na tano, nachukua hii."

Wakaanza kubishana. Daktari akasema labda imepata hewa usiku kucha. Madam, mke wake, akasema labda ni ile nyama. Mwishowe Daktari akakumbuka kwamba chupa zilizobaki zilikuwa mbili.

"Robai! Kuja kidogo. Ile chupa ingine iko wapi?"

"Nimeunganisha, Daktari."

"Umefanya nini?"

"Nimeunganisha. Zilikuwa zimebaki nusu nusu."

Walicheka, mama. Madam alicheka mpaka machozi. Daktari alicheka pia, na kumwomba mgeni msamaha kwa niaba yangu, kama mtu ambaye mbuzi wake ameingia shamba la jirani. Mwenye duka peke yake hakucheka. Aliiweka glasi mezani akanitazama usoni.

"Mama," akaniambia, "ulipima aje?"

Lilikuwa swali la kweli. Alikuwa akingoja jibu. Katika nyumba ile, mwaka ule wa tisa wa kazi yangu, mtu mmoja alikuwa amegeuza kiti chake anisikilize. Nami nikaangalia viatu vyangu.

"Nilimwaga tu. Mimi sijui mambo ya waini."

Na wewe, umesimama mlangoni na bakuli la minji uliyokuwa ukiambua maganda, ukasema kwa sauti iliyofika kila kiti, "Mum, si ulionja kwanza? Si ulisema ile ya mvua haina mwili na ile ya jua imezidi?"

Nikakupiga kofi.

Minji ilitawanyika mpaka chini ya meza, na ulipiga magoti ukaiokota moja moja kati ya viatu vya wageni. Nami, ili kofi lipate sababu, nikakuambia, "Usiseme uongo mbele ya wakubwa." Uongo! Wewe ndiye mtu pekee katika chumba kile aliyesema kweli. Njiani tukirudi nyumbani nikakupa na funzo juu yake. Nikakuambia siku nyingine ukiulizwa, sema hujui, maana asiyejua hafukuzwi kazi. Ukanijibu, "Sawa, mum." Tangu siku ile hukuwahi tena kuniletea kitu ninuse. Hata maziwa yakiharibika ulikuwa ukiyamwaga bila kuniuliza.

Sasa nusu ile ambayo hukuiona. Sikumwaga tu. Nilimimina kiasi cha kidole kimoja cha kumi na sita, nikakoroga kwa kuzungusha chupa, nikaonja, nikatema. Bado alikuwa mwembamba. Nikaongeza kidole cha pili. Nikaonja tena. Cha tatu nikakimimina nusu nusu, polepole, na ghafla yule wa mvua akasimama wima. Ule ubichi wa hoho ukageuka harufu ya kitu kibichi kinachopendeza, na zambarau zikaacha kujisifu. Nikajua hapa ndipo. Kilichobaki cha kumi na sita, karibu kidole kizima, nilikimwaga kwenye sinki. Umesikia? Nilimwaga mvinyo mzuri wa tajiri kwenye sinki kwa sababu ungeharibu kazi yangu. Hayo si mazoea ya maskini. Vidole vinne vya mvua na vitatu vya jua, nilipima, na nilijua ninachofanya kama vile Kukhu alivyojua.

Nilikupiga kwa sababu ulinitaja jina langu la kweli mbele ya watu. Nilidhani kutojua ni kinga. Mjinga akikosea husamehewa, huchekwa, hupewa sahani aoshe. Mjuzi anayeosha sahani huwatia watu wasiwasi. Kwa hiyo nikachagua kuwa mjinga, na kwa kuwa wewe hukuchagua, nikakuchagulia. Kazi nilibaki nayo miaka mingine mitano. Kila mwaka Daktari aliwasimulia wageni hadithi ya Robai aliyeunganisha, na kila mwaka nilitabasamu nikiwa nimeshika trei.

Nisamehe, Nekesa. Sisemi hivi ili uniambie si kitu, kwa sababu ni kitu. Nilikuumiza shavu siku moja na ulimi miaka saba. Nakuomba msamaha nikiwa na akili zangu timamu.

Usidhani nimelainika kwa sababu unasafiri. Siko hivyo. Nina hasira mpya kabisa, na sasa nitakueleza imetoka wapi.

Jumapili iliyopita, ulipobaki nyumbani kufua, kina mama walinibakisha baada ya ibada. Mama Ziporah ndiye aliyesema, maana ndiye mwenye moyo wa kusema. Unamjua, ndiye mwenyekiti wetu.

"Mama Nekesa, kuna maneno tunasikia. Ati huyu msichana haendi kusomea hoteli. Ati ni pombe."

Nekesa, nilikuwa na jibu la hoteli tayari mdomoni. Lilikuwa limeshaanza kutoka. Nikaliona lile bakuli la minji.

"Ni mvinyo," nikasema. "Anaenda kujifunza kuutengeneza. Kuchanganya."

"Na unasema tu hivyo?"

"Ulitaka niseme aje?"

Mmoja akasema mtoto wa kiongozi hawezi. Mwingine akasema nimekuwa nikiwadanganya, na hilo nilikubali, nikaomba radhi, kwa sababu lilikuwa kweli. Lakini wakaendelea. Wakafika mpaka kwa Kukhu. Kuna aliyemjua Kibera zamani, akasema damu ni damu, bibi alipika, mjukuu anapika. Alisema kama tusi. Hapo ndipo nilipofungua kitambaa kichwani.

Nikawaambia, mnaikumbuka ile harusi ya Kana? Mkuu wa karamu alionja divai akaisifu kuliko ya kwanza, na hakujua imetoka wapi. Waliojua ni watumishi, wale waliochota maji. Nikawaambia, mimi nilikuwa mtumishi. Mama yangu alichota maji. Sisi ndio tuliojua, na kwa miaka yote nimekuwa nikiwaacha wenye meza waseme.

"Usicheze na neno la Mungu," Mama Ziporah akaniambia.

"Sichezi. Kitambaa hiki hapa."

Nikakiweka mezani. Wamenipa benchi la nyuma, miezi mitatu, bila kuongoza maombi. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa ukifurahia safari yako, nami sikutaka uanze kujilaumu. Usijilaumu. Benchi la nyuma lina upepo mzuri, na unaona ni nani anayesinzia.

Wao ndio wageni wa leo. Watakuwa saba. Wanasema wanakuja kukusindikiza kwa maombi, kama tunavyowafanyia watoto wetu wote wanaosafiri. Lakini Mama Ziporah alipita hapa juzi peke yake, akakaa kwenye kiti hiki nilichokalia, akaninong'oneza kwamba kuna walioazimia kukuwekea mikono wakuombee ubadili nia. Watakuuliza mbele yangu unaenda kusomea nini. Wanaamini utaona haya. Wanaamini mtoto mzuri husema hoteli.

Nawapenda wale wanawake. Walinisaidia kumzika Kukhu ingawa walijua kazi yake. Ulipougua kifua walikulea zamu kwa zamu nikiwa kwa Daktari. Hilo silisahau, na wakija nitawapikia chai ya maziwa na mandazi kama kawaida. Ila kuna kitu kimoja ambacho sitawapa, nacho ni wewe kuinamisha kichwa. Nilishawapa watu kichwa chako mara moja. Hakitolewi tena.

Sasa inama uangalie chini ya kitanda. Sanduku la bati limesogezwa, sivyo? Nyuma yake kulikuwa na kitu. Daktari alipofariki na Madam akawa anaifunga nyumba, aliniita akanipa vyombo, mapazia, na chupa mbili za mwisho kabatini ambazo hakuna mtoto wake aliyezitaka. Moja ni ya kumi na nne, moja ya kumi na sita. Akacheka akaniambia, "Chukua, Robai, uunganishe." Nilizibeba mpaka Kawangware chini ya mapazia, nikazifunga kwa gauni langu la kwaya. Miaka miwili umelala juu yazo. Mara nyingi nilitaka kuzitupa kwenye mtaro. Nikishika shingo ya chupa, mkono unakataa.

Ziko mezani sasa hivi ninapoandika. Nimezipangusa vumbi. Kizibuo nimekinunua leo asubuhi kwa yule jamaa anayetandaza vijiko sokoni. Alinitazama, akatazama Biblia mkononi mwangu, akasema, "Mathe, una sherehe?" Nikamwambia ndiyo, nina sherehe. Glasi ni zile zetu za chai, sina nyingine. Kopo la kupimia si la Kukhu, lile lilipotea walipobomoa Soweto, lakini vidole vyangu unavijua unene wake.

Sitazifunika hizo chupa kwa kitambaa cha meza. Wakibisha hodi, nitawafungulia, nao watazikuta hapo zimesimama katikati ya mandazi.

Waache waombe kwanza. Maombi hayakataliwi, na safari ni ndefu. Wakikuuliza unaenda kusomea nini, wajibu. Wakikuuliza ni nani aliyekufundisha, nitazame, kisha jibu hilo pia. Halafu zifungue, zote mbili, mbele yao. Huenda zimekuwa siki. Chini ya kitanda, chini ya paa la bati, katika joto la Kawangware, si mahali pa mvinyo kuzeekea. Kama ni siki, sema ni siki, usimwonee mtu haya, na usinionee haya mimi. Lakini kama kuna iliyo hai, anza na vidole vinne vya mvua, uongeze jua kidogo kidogo. Ukifika mahali unapodhani ndipo, nipe mimi glasi. Niulize kwa sauti, na wote saba wakisikia, "Mama, huyu anakosa nini?"

Safari hii nitajibu.

Mama yako,
Robai, binti wa mpika busaa wa Soweto